Shika Mshipa, Hesabu: Jinsi Watu Walivyojifunza Kusoma Mapigo ya Moyo

[Muziki wa kufungua kipindi. Unafifia.]

 

Leo tutaanza kwa kazi ndogo. Weka chini sufuria, au chochote ulichoshika, ukae. Geuza mkono wako wa kushoto, kiganja kitazame juu. Chukua vidole viwili vya mkono wa kulia, kile cha shahada na cha kati, uviweke kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usipimie kidole gumba, kwa maana nacho kina mpigo wake na kinaweza kukudanganya. Bonyeza taratibu. Je, unahisi kitu kinagonga? Huo ni mshipa, na kila unapogonga, moyo wako umepiga. Sasa tazama saa, uhesabu kwa dakika moja nzima.

Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Wa mama mjamzito huongezeka kwa mara 10 hadi 20 juu ya kawaida yake. Wa mtoto mchanga huenda mbio zaidi, kiasi cha mara 100 hadi 160, na kadiri mtoto anavyokua hesabu hupungua. Homa, woga na kazi ngumu huuharakisha moyo. Usingizi huupunguza mwendo.

Kazi hii uliyoifanya sasa hivi ina historia ya zaidi ya miaka 2,000, na ndiyo tutakayosimulia leo. Huenda ukauliza, historia itanisaidia nini mimi mwenye mtoto mgonjwa? Sikiliza. Katika nyumba zetu, mtu akianguka na kuzimia, wapo wanaosema amerogwa, na wapo wanaosema mara moja kuwa ni kifafa. Mtoto akisema moyo wake unaruka, wapo wanaomkataza kucheza na wenzake. Na mama mjamzito akihema usiku hata asiweze kulala chali, anaambiwa mimba ni mzigo, avumilie. Hivyo tunaogopa lisilo na hatari, na lenye hatari tunalipuuza. Madaktari wa zamani nao walifanya makosa hayo hayo. Waliyarekebisha kidogo kidogo, na mara nyingi aliyewafungua macho alikuwa mwanamke mgonjwa, au mwanamke aliyemuuguza mgonjwa.

Saa ya maji

Tuanzie hapa hapa Afrika. Huko Misri, miaka kama 3,500 iliyopita, waganga waliandika kwenye mafunjo kwamba moyo hujulisha habari zake kupitia mishipa ya kila kiungo. Ukigusa kichwa, mkono au mguu, unaugusa moyo. Baadaye, yapata miaka 2,300 iliyopita, daktari Mgiriki aitwaye Herophilus alifanya kazi katika mji wa Alexandria, huko huko Misri. Hakukuwa na saa za mkononi, basi alipima mapigo kwa saa ya maji, yaani chombo chenye tundu ambamo maji yalidondoka kwa kipimo.

Saa ya kufaa ilikawia sana. Mwaka 1707 daktari Mwingereza, John Floyer, alitangaza saa aliyotengenezewa maalumu, iliyokwenda kwa dakika moja kamili, ili daktari ahesabu mshipa. Leo hata simu ndogo ya mulika mwizi ina saa. Chombo kilichokuwa adimu kwa madaktari wa enzi hizo, wewe unacho mfukoni.

Karatasi iliyokunjwa

Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, Ufaransa, daktari René Laennec alijiwa na mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Desturi ya siku hizo ilikuwa daktari kulaza sikio lake juu ya kifua cha mgonjwa. Laennec aliona si heshima kumfanyia hivyo binti yule, na pia mwili wake ulikuwa mnene, sauti isingepita vizuri. Akachukua karatasi kadhaa, akazikunja kama bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni. Alistaajabu kusikia moyo waziwazi kuliko alivyowahi kuusikia. Akachonga bomba la mbao, na hicho ndicho kilichozaa stethoskopu, kile chombo ambacho madaktari huning'iniza shingoni.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1821, daktari mwingine Mfaransa, Kergaradec, aliliweka bomba hilo juu ya tumbo la mama mjamzito. Alitarajia kusikia maji ya uzazi yakicheza. Badala yake alisikia mapigo ya haraka, ya haraka kuliko mshipa wa mama mwenyewe. Alikuwa anausikia moyo wa mtoto. Aliona mara moja faida yake: kwa sauti hiyo mkunga angejua kama mtoto yu hai, na kama ni pacha.

Mwaka 1895 Adolphe Pinard, wa Ufaransa pia, alitengeneza kile kijibaragumu kifupi ambacho wengi wenu mmekiona kliniki. Nesi hukiweka tumboni, akainamisha sikio, akatazama saa. Basi mama, anapofanya hivyo usifikiri anapoteza wakati. Moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Ukishuka au kupanda sana wakati wa uchungu, huenda mtoto amepungukiwa na hewa, na mkunga lazima achukue hatua haraka. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuwahimiza mjifungulie mahali penye mkunga aliyefunzwa. Una haki ya kumuuliza: moyo wa mtoto wangu unapiga mara ngapi?

Anayeanguka si lazima awe na kifafa

Mwaka 1761, daktari Giovanni Morgagni wa Padua, Italia, aliandika juu ya wagonjwa walioanguka na kutetemeka kama wenye kifafa, lakini ambao mshipa wao ulikuwa wa polepole mno. Mwaka 1827 Robert Adams, daktari wa Dublin huko Ireland, akaeleza habari za mzee wa miaka 68, mtumishi wa idara ya ushuru. Mzee huyo alikuwa ameanguka na kupoteza fahamu kama mara 20 katika muda wa miaka saba. Mshipa wake ulipiga mara 30 hivi tu kwa dakika. Watu walidhani shida iko kichwani. Adams alisema hapana, chanzo ni moyo: ukipiga polepole mno, damu haifiki kwenye ubongo, na mtu anaanguka.

Mlezi, lishike sana jambo hili. Si kila anayeanguka ana kifafa, na ni makosa kabisa kusema ana pepo. Mtu akianguka, mlaze mahali salama. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Tazama kama anapumua. Shika mshipa wake, uangalie unakwenda mbio, polepole, au ovyo ovyo. Kama hapumui wala haitiki, piga kelele uletewe msaada, na mara moja uanze kumbonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike.

Akizinduka, mpeleke hospitali, ukaeleze ulichokiona: alikuwa anafanya nini, alikuwa rangi gani, ilichukua muda gani, na mshipa ulipiga vipi. Daktari hakuwapo. Wewe ndiwe jicho lake. Ila kama mgonjwa tayari anatumia dawa za kifafa, asiziache kwa sababu ya kipindi hiki. Kumwachisha dawa ni kazi ya daktari.

Daktari wa Burnley na mama aliyekufa

Sasa twende Burnley, mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1879 alifika hapo daktari kijana, James Mackenzie. Hakuwa bingwa wa moyo. Alikuwa daktari wa kawaida, wa kuzunguka nyumba kwa nyumba, kuzalisha na kutibu kikohozi.

Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwamo mwanamke kijana mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo. Mackenzie hakutazamia tatizo kubwa. Lakini uchungu ulipoanza, mama yule alishindwa kupumua, akafa mikononi mwake. Jambo hilo lilimuumiza sana. Alijiuliza: je, ningejuaje mapema kwamba moyo huu hautaweza? Akatafuta jibu vitabuni asilipate. Ndipo akaamua kulitafuta mwenyewe, kwa wagonjwa wake wa kila siku.

Akisaidiwa na fundi wa saa, alitengeneza mashine iliyochora mpigo wa mshipa wa mkono na wa shingo kwa pamoja juu ya karatasi. Na kwa kuwa aliishi mji mmoja miaka mingi, aliweza kufanya jambo ambalo mabingwa wa London hawakuweza: kumfuata mtu yule yule tangu ujana hadi utu uzima, aone mapigo yake yamempeleka wapi.

Aligundua kwamba mapigo yasiyo sawa ni ya namna mbalimbali. Namna ya kwanza ni ya watoto na vijana: mtoto akivuta pumzi mapigo huharakisha, akitoa pumzi hupungua. Hiyo si ugonjwa. Namna ya pili ni ya watu wazima: moyo unaruka pigo moja, kisha unapiga kwa kishindo, halafu unaendelea kama kawaida. Wengi wa watu hao waliishi miaka mingi bila shida yoyote. Namna ya tatu ni mapigo ya ovyo ovyo yasiyo na mpango wowote, yasiyokoma. Hayo mara nyingi yalikuwa kwa watu wenye moyo mgonjwa kweli, na hao ndio waliohitaji matibabu.

Fikiria maana yake. Kabla ya hapo, watu wengi wenye mapigo ya kuruka tu waliambiwa walale kitandani na waache kazi, wakaishi kwa hofu ya kufa kesho. Mackenzie aliwaambia amkeni, fanyeni kazi. Na wale waliokuwa hatarini kweli, sasa wangetambuliwa.

Ndoo za maji ya chumvi

Wakati huo huo, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, Willem Einthoven alikuwa akitafuta njia ya kupima umeme wa moyo. Ndiyo, moyo una stima yake. Ni kidogo sana, lakini ndiyo inayouamrisha upige. Mashine aliyoitangaza mwanzoni mwa miaka ya 1900 ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa alitumbukiza mikono miwili na mguu mmoja katika ndoo za maji ya chumvi, na umeme wa moyo wake ukachorwa kama milima na mabonde. Mwaka 1924 Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel. Ule mchoro ndio kipimo cha ECG cha leo. Siku hizi mashine inabebeka mkononi, na badala ya ndoo, vibandiko hubandikwa kifuani na kwenye mikono na miguu. Hakiumi, wala hakiingizi umeme mwilini. Ukiambiwa mgonjwa wako afanyiwe ECG, usiogope.

Kwa mashine kama hiyo, mwaka 1909 Thomas Lewis wa London alionyesha asili ya yale mapigo ya ovyo ovyo ya Mackenzie. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga. Hatari yake ni kwamba damu hutulia humo, ikaganda, na bonge likisafiri hadi kwenye ubongo huleta kiharusi.

Mke aliyekataa kukata tamaa

Kisa cha mwisho ni cha Sweden, mwaka 1958. Arne Larsson, mwenye miaka 43, alikuwa na ugonjwa ule ule wa mzee wa Dublin. Stima ya moyo wake haikufika vyumba vya chini, kama waya uliokatika kati ya nguzo na nyumba. Alizimia mara 20 hadi 30 kwa siku, na kila mara ilibidi azinduliwe. Hakuna aliyetarajia kwamba ataishi muda mrefu.

Mkewe, Else-Marie, alisikia kwamba daktari mpasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist walikuwa wakijaribu kifaa cha umeme cha kuuamsha moyo. Akaenda kuwaona. Wakamwambia kifaa cha kutia ndani ya mwili wa binadamu bado hakijakamilika. Hakukubali. Alirudi tena na tena, akiwasihi watengeneze kimoja kwa ajili ya mumewe. Mwishowe Elmqvist aliunganisha vipande, akavifunika kwa gundi ngumu, na umbo la kuigandishia gundi hiyo lilikuwa mkebe wa kiwi ya viatu. Tarehe 8 Oktoba 1958 kifaa kilitiwa mwilini mwa Larsson. Kilifanya kazi saa chache tu, kikaharibika, wakamtia kingine.

Huo ndio uliokuwa mwanzo wa pesimeka ya kutiwa ndani ya mwili. Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya mara 20 maishani mwake. Lakini aliishi. Alikufa mwaka 2001 akiwa na miaka 86, kwa saratani, si kwa moyo. Daktari wake na mhandisi wake walimtangulia kufa.

Hapa kwetu

Kwetu Kenya, mioyo mingi ya vijana huharibika kwa sababu inayoanzia kooni. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anapata kidonda cha koo cha bakteria, kisitibiwe vizuri. Wiki mbili tatu baadaye anapata homa, na viungo vinavimba na kuuma kwa zamu, leo goti, kesho kiwiko. Hiyo ni homa ya rumatiki. Ikirudi mara kwa mara, inaharibu vali, yaani vile vilango vya moyo. Mtoto anaweza kuonekana mzima kwa miaka mingi, hadi aolewe na kushika mimba. Katika ujauzito damu huongezeka karibu nusu, na moyo wenye kilango kibovu unashindwa kuisukuma. Ndiyo mama yule wa Burnley anavyokufa tena, miaka zaidi ya 100 baadaye, na hali tunajua la kufanya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ni koo la mtoto. Koo linalouma pamoja na homa lionwe na daktari au nesi, na dawa zimalizwe zote hata kama maumivu yamekwisha. Aliyekwisha kupata homa ya rumatiki hudungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Usikose hata moja. Mwaka 2018 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka nchi zote kupambana na ugonjwa huu, kwa sababu unazuilika.

Ya kukumbuka

Moyo unaoruka pigo moja moja, mtu akiwa hana dalili nyingine, kwa kawaida si hatari. Hata hivyo mwambie nesi ukienda kliniki.

Nenda hospitali bila kuchelewa ikiwa mtu mzima aliyetulia mshipa wake unapita 120 na hautulii, au uko chini ya 50 naye anaona kizunguzungu. Ikiwa mapigo ni ovyo ovyo. Ikiwa ana maumivu ya kifua au anahema. Au ikiwa amezimia, hasa akiwa anakimbia au anacheza.

Kwa mtoto mchanga, tazama anaponyonya. Akichoka haraka, akitoka jasho jingi, akihema, au midomo ikigeuka rangi ya samawati, usingoje kesho.

Mama mjamzito, ukishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, au ukikohoa povu au damu, hiyo si kazi ya kuvumilia. Nenda. Na kama uliwahi kuambiwa una moyo mgonjwa, mwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chenu, mtu akizimia watu hufanya nini kwanza? Ni lipi la kuacha, na ni lipi la kuanza?
2. Kila mmoja ashike mshipa wa jirani yake na kuhesabu kwa dakika moja. Linganisheni hesabu za mama, nyanya na mtoto.
3. Ni nani kati yenu ana mtoto anayeumwa koo mara kwa mara? Atapelekwa lini kuonwa?

Msikilizaji, Else-Marie hakuwa daktari. Alikaa karibu na mgonjwa wake, akaona, na hakuona haya kurudi kuuliza tena. Hilo hata wewe unaliweza. Hadi wiki ijayo saa kama hizi, tunawatakia afya njema. Kwaherini.

[Muziki wa kufunga kipindi.]